Sikio Lilinidanganya Miaka Mitatu

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mfupi, wenye adabu iliyoniuma kuliko tusi: mpiga piano niliyekuwa nikimtaja kwa majigambo katika santuri yangu ya mafunzo ya foksitroti, dansi ya wawili wawili, siye. Kwa miaka mitatu niliwaaminisha wenzangu kwamba namtambua kwa mkono wake wa kushoto. Niliipeleka santuri chini ya taa, nikaiinamisha mpaka namba ya kuitambulisha rekodi, iliyochorwa kati ya mfereji wa mwisho na lebo, ikaonekana, kisha nikaitafuta katika orodha ya rekodi za zamani inayotunzwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Muziki ule ulikuwa wa bendi nyingine kabisa, na sauti ya mwalimu ilikuwa imepachikwa juu yake baadaye.

Ndugu zangu, someni namba kabla ya kusikiliza. Santuri hizi ziliuzwa kwa wanafunzi wa dansi, si kwa wapenzi wa muziki, hivyo jalada lilitangaza jina la mwalimu wa dansi, kama Mmarekani Arthur Murray, naye mpiga saksofoni akaishia kuitwa "okestra". Kwa Mwingereza Victor Silvester kazi ni nyepesi kidogo, kwa sababu bingwa huyo wa dansi wa mwaka 1922 aliongoza okestra yake mwenyewe, na fidla ya Oscar Grasso juu ya piano mbili haifichiki. Hata hivyo waigaji walikuwepo, nami walinipata mara mbili, jambo ambalo sikulikiri hadharani mpaka leo.

Hakikisheni pia gramafoni inazunguka kwa kasi sahihi. Walzi ya polepole, dansi ya mapigo matatu kwa kila kipimo cha muziki, huenda takriban vipimo 30 kwa dakika. Ukihesabu vipimo 33, usianze kusifu wepesi wa vidole vya mtu, kwa maana huenda unasifu mashine mbovu. Na namba, narudia, isomeni kwanza, wala msione haya kuvaa miwani.

Wapo waliofurahia kuanguka kwangu, wakiwemo niliowafundisha kushika santuri kwa kingo. Nimelifuta jina kwenye kila orodha niliyowahi kusambaza. Kwenye karatasi ya nyayo za kuonyesha hatua za dansi iliyokuja na santuri, pale nilipoliandika kwa wino kando ya unyayo wa kushoto, nimelikata kwa mstari mmoja, na bado linasomeka.