Barua kwa Mwanangu Kuhusu Juisi ya Kuchoma Mafuta

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara tatu tangu juzi usiku, na sikutaka kukujibu kwa maneno mawili ya simu. Umenieleza kwamba mkufunzi wa pale unapofanyia mazoezi huko Roysambu anauza juisi ya rangi ya zambarau, chupa ya nusu lita, iliyokamuliwa kutokana na matunda meusi ya nchi za nje, na kwamba amekuhakikishia kuwa ukiinywa kabla ya kupanda mashine ya kukimbilia, mwili wako utachoma mafuta mengi kuliko kawaida. Ukaniuliza: "Mama, wewe uliyefundisha baiolojia miaka yote hiyo, jambo hili lina ukweli?" Lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu nimeketi kukuandikia. Lingekuwa uongo mtupu ningelikataa kwa sentensi moja. Huu ni ukweli uliokatwa katikati, na nusu iliyoachwa ndiyo inayokuhusu zaidi.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chichester nchini Uingereza walichapisha utafiti wao juu ya waendesha baiskeli 14 waliozoea mazoezi. Kwa siku 7 kila mmoja alimeza vidonge vya dondoo ya blakikaranti ya Nyuzilandi, miligramu 300 kwa siku, na katika kipindi kingine akameza vidonge vya kufanana navyo ambavyo havikuwa na dondoo hiyo. Walipopimwa wakiendesha kwa nguvu ya wastani, katika kipindi cha dondoo walionekana kuchoma mafuta zaidi kwa takriban asilimia 27, na katika jaribio la kasi la kilomita 16.1 mwendo wao ulikuwa bora kwa asilimia 2.4. Blakikaranti ni lile tunda dogo jeusi ambalo wengi wetu hapa Nairobi tunalijua kwa ladha yake katika soda. Weusi wake unatokana na rangi asilia iitwayo anthosianini, ambayo iko pia katika zambarau zetu za Pwani, zile zilizokuwa zikikupaka ulimi hadi tukienda kanisani watu wanajua ulichokula. Maelezo yanayotolewa ni kwamba rangi hiyo husaidia mishipa ya damu kutanuka, damu ikafika kwa wingi kwenye misuli, na misuli ikapata wepesi wa kutumia mafuta.

Bila shaka mkufunzi wako amesikia habari za utafiti wa aina hii, wala simlaumu kwa kuvutiwa nao. Lakini tazama walichomeza wale waendesha baiskeli: vidonge, ambavyo sukari yake haifai hata kuhesabiwa. Wewe unauziwa nusu lita ya juisi. Rangi ni ile ile, ila chombo kilichoibeba ni kingine, na katika mwili tofauti hiyo ni kubwa sana.

Nikueleze kinachotokea. Ukinywa sukari, iwe ya mfuko au ya tunda lililokamuliwa, sukari ya damu hupanda na kongosho hutoa insulini. Tumezoea kuitaja insulini kuwa ni ya watu wenye kisukari, lakini kazi yake mojawapo kwa kila mtu ni kuziambia hifadhi za mafuta zifunge milango, kwa kuwa sukari ipo na itumike hiyo kwanza. Milango hiyo ikishafungwa, mafuta ya kiunoni hayatoki kwenda kwenye misuli kwa kasi uliyoitarajia, hata ukikimbia. Mtu aliyekunywa glasi kubwa ya juisi nusu saa au saa moja kabla ya mazoezi huingia jimu mwili wake ukiwa umeshaamua kuchoma sukari. Basi chupa hiyo, hata kama rangi yake inafanya kazi, imebeba kinachoamsha mafuta na kinachoyalaza kwa pamoja, na kinacholaza ndicho kingi zaidi. Jambo hili hupungua makali mtu akinywa akiwa tayari katikati ya mazoezi, kwa sababu mwili unaofanya kazi nzito hupunguza utoaji wa insulini. Lakini wewe umeambiwa unywe kabla.

Hebu tupige hesabu pamoja, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye meza ya jikoni. Tuseme unakimbia polepole kwa dakika 30 na mwili wako unachoma gramu 0.4 za mafuta kwa dakika. Hizo ni gramu 12. Sasa tuikubali ile asilimia 27 yote, bila kuipunguza hata kidogo: umeongeza gramu 3 hivi. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo faida yako ni kalori 27. Nusu lita ya juisi halisi ya machungwa, isiyoongezwa kitu, ina zaidi ya gramu 40 za sukari, yaani kama vijiko 10 vidogo, na kalori zipatazo 200. Juisi za matunda meusi kwa kawaida hazipungui hapo. Umelipa 200 ili upate 27. Na ili kilo moja ya mafuta ya mwili iondoke, unahitaji upungufu wa kalori zipatazo 7,700, kwa hiyo unaona mwenyewe chupa hii inakupeleka upande gani.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ndilo ninalotaka ulielewe vizuri kuliko yote. Kuchoma mafuta wakati wa mazoezi na kupungua mafuta mwilini ni mambo mawili. Katika utafiti kama ule, mtu huvishwa barakoa iliyounganishwa na mashine inayopima oksijeni anayoitumia na kaboni dioksidi anayoitoa. Akitumia mafuta peke yake, hutoa takriban 0.7 ya kaboni dioksidi kwa kila kipimo kimoja cha oksijeni. Akitumia wanga peke yake, yaani sukari na jamii yake, viwili hivyo hulingana. Kinachosomwa pale ni fueli ya dakika zile, mtu akiwa juu ya baiskeli. Ukichoma mafuta mengi asubuhi, mwili huelekea kutumia wanga zaidi saa zinazofuata, na ukichoma wanga asubuhi hufanya kinyume chake; mwisho wa siku kinachoamua ni jumla ya ulichokula ukilinganisha na jumla ya ulichotumia. (Nawe ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza mafuta yanayochomwa huenda wapi. Sehemu kubwa hutoka kwa pumzi: katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kama kaboni dioksidi na zilizobaki huwa maji.)

Wakimbiaji wetu ni ushahidi mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 juu ya chakula cha wakimbiaji hodari wa Kenya wa mbio ndefu ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu yao ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, na chai yenye maziwa na sukari. Hakuna kinywaji cha kuchoma mafuta katika orodha ile, na sukari ilikuwamo kwa wingi. Lakini walikuwa wakitumia nguvu nyingi kuliko waliyokuwa wakiila, kwa kilomita wanazokimbia kila siku, na wembamba wao unatoka hapo.

Mimi mwenyewe nilipotea katika njia hii, ingawa sikuwahi kukusimulia. Mwaka niliostaafu nilianza kwenda Karura kutembea, na mtu mmoja tuliyekuwa tukitembea naye akanishauri ninywe juisi ya machungwa kabla ya kutoka nyumbani ili mwili "ufunguke". Nikaifuata kwa uaminifu. Kila alfajiri nilikata machungwa manne, nikayakamua, nikachuja, nikainywa glasi nzima nikiwa nimesimama mlangoni na viatu miguuni. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimeongezeka kilo mbili, na kipimo cha sukari nilichofanyiwa kabla sijala kilikuwa juu kuliko cha mwaka uliotangulia. Muuguzi hakunigombeza, aliniuliza tu ninakunywa nini asubuhi. Niliporudi nyumbani niliyatazama makapi yaliyobaki kwenye chujio tangu alfajiri. Nilipoyageuza kwa kijiko niliona zile ngozi nyembamba za vipande, nyuzi nyeupe, na rojo iliyoshikamana kama pamba mbichi, konzi nzima, nikakumbuka kwamba kwa miaka yangu yote darasani niliwafundisha watoto wa watu kuwa nyuzinyuzi ndizo zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu na ndizo zinazomshibisha mtu. Nilikuwa nikizitupa. Machungwa manne sijawahi kuyala kwa mkupuo mmoja maishani mwangu, lakini kuyanywa kulinichukua chini ya dakika moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka sukari ya juisi ya matunda katika kundi moja na sukari tunayoongeza kwenye chai, na likashauri sukari ya kundi hilo isizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Sukari iliyomo katika tunda zima hawakuihesabu humo.

Usifikiri basi kwamba matunda hayana nafasi katika jambo hili. Utafiti mwingine, wa mwaka 2006 nchini Marekani, uliwapima vijana wakitembea kwenye mashine kwa saa moja, ukakuta kwamba wale wenye vitamini C kidogo mwilini walichoma mafuta pungufu kwa kama robo wakilinganishwa na wenye vitamini C ya kutosha. Mwili unaihitaji vitamini hiyo ili kutengeneza karnitini, ambayo huyabeba mafuta hadi katika ile sehemu ya ndani ya seli yanakochomwa. Mimi nalichukulia hivi: mtu asiyekula matunda ana upungufu wa kuuziba, na anayeyakula hana haja ya kununua ziada. Pera moja la kiasi, lile la hapa kwetu la kuuzwa kwa rundo, lina vitamini C kupita mahitaji yako ya siku nzima. Ule na maganda yake.

Juisi nayo ina wakati wake. Ukikimbia zaidi ya saa moja, kama zile Jumapili mnapokwenda Ngong na wenzako, misuli hupungukiwa na sukari iliyowekwa akiba, na hapo gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinasaidia kweli. Chukua juisi, iongeze maji kiasi kile kile, tia chumvi kidogo sana, unywe kwa mafunda njiani. Ile ya bitiruti pia imepimwa vizuri na huwasaidia watu kustahimili mazoezi kwa muda mrefu, lakini huko ni kutafuta pumzi, na wewe umeniuliza habari za kiuno.

Kwa mazoezi yako ya dakika 40 kunywa maji. Kimbia kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika, kwa kuwa ni katika mwendo wa kati kama huo ndipo mwili hutumia mafuta kwa wingi zaidi kwa dakika, halafu ongeza dakika kadiri wiki zinavyokwenda. Ukipenda zambarau au matunda meusi mengine, uyale mazima, baada ya mazoezi, yakiwa chakula.

Jumamosi ukija, njoo na chupa hiyo hata kama ni tupu, tusome maandishi ya nyuma. Tafuta penye neno sukari, uone ni gramu ngapi kwa kila mililita 100, kisha uzidishe kwa 5. Mapera nitakuwa nimeshayaleta kutoka Marikiti.

Mama yako,
Buruburu