Ukihamia Juba, anza kwa mama wa chai

Tangu nihamie Juba kikazi, vijana kutoka Eldoret, Kitale na Nairobi waliopata kibarua Sudan Kusini hunipigia wakiuliza jambo moja: huko ni salama? Swali hilo halina jibu la ndiyo au la. Hali hutofautiana mtaa kwa mtaa, na asubuhi haifanani na jioni. Anayejua ni mwenyeji, kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kujenga ujirani.

Siku za mwanzo mji utakuchanganya. Ulitarajia magofu, kumbe malori ya nyanya na ndizi yanaingia kutoka Uganda kupitia Nimule, watoto wanaenda shule na sare zao, na Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa 2022, limejaa magari juu ya Nile. Hapo hapo utaona kuta zenye seng'enge na bunduki mabegani. Yote mawili ni kweli. Usiwaambie wa nyumbani kwamba magazeti yanadanganya, na pia usijifungie chumbani.

Tafuta mama wa chai aliye karibu na kazini kwako. Wako kila mahali chini ya miembe, na jiko la makaa, viti vifupi na glasi zinazosuuzwa kwenye beseni. Kaa, agiza karkade, chai nyekundu ya maua ya hibiskasi, au kahawa ya tangawizi, salimia kila anayefika. Huyo wangu ndiye aliyenifundisha mji. Asubuhi moja viti vyake havikuwepo na raksha, yaani bajaji, zilikuwa za kuhesabu barabarani. Nikarudi ndani bila kuuliza. Baadaye tukasikia kulikuwa na milio ya risasi upande wa pili wa mji.

Wengi watakujibu kwa Kiswahili. Kuna waliokulia Kakuma, kambi iliyofunguliwa 1992, na kuna waliosoma shule zetu. Basi usimsengenye mtu sokoni Konyo Konyo ukidhani hasikii. Wanatujua, na hata majina tuliyokuwa tukiwaita wanayakumbuka.

Lililo zito kuliko yote: usimuulize mtu kabila lake, wala kwao ni wapi. Vita vilipoanza hapa tarehe 15 Desemba 2013, kuna walioulizwa hivyo kabla ya kuuawa. Sisi tuliokuwa Bonde la Ufa, Kenya, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008 tunajua swali hilo lilivyokuwa kwenye vizuizi vya barabarani. Nimefanya kazi na kijana mmoja muda mrefu bila kumdadisi. Siku moja, tukingoja jenereta iwake, akaanza mwenyewe kunieleza walivyoishi na mama yake kwenye hema ndani ya kituo cha Umoja wa Mataifa, mvua ikiingia hadi magotini. Nilinyamaza nikamsikiliza. Umeme uliporudi akageukia kompyuta yake, nami sijawahi kumrudisha kwenye habari hiyo. Akitaka kuendelea, ataendelea.

Mengine ni madogo, ila yanasumbua. Beba dola mpya zisizo na mkunjo, maana noti kuukuu hukataliwa, na badilisha kidogo kidogo kwa sababu pauni hushuka thamani. Usipige picha daraja, askari wala ofisi ya serikali. Maji ya bauza, yale malori ya matangi, usiyanywe bila kuyachemsha. Lala ndani ya neti, malaria haina msimu wa huruma.

Fuatilia siasa hata kama huzipendi. Mkataba wa amani wa Septemba 2018 ulileta nafuu, lakini mapigano ya Julai 2016 yalizuka wakati mkataba wa 2015 ukiwepo, na Machi 2025 Riek Machar, kiongozi wa upinzani aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, aliwekwa kizuizini nyumbani kwake. Kwa hiyo panga na wazazi kabla hujasafiri: nani utampigia, saa ngapi, na mtandao ukikatika wangoje muda gani kabla ya kumtafuta mwajiri wako. Waachie namba ya mwenzako mmoja wa hapa Juba, mwenyeji.