House of the Dragon msimu wa pili: wengi mliangalia majoka, mimi nilimwangalia Alyn

Wakuu, mleta uzi ameuliza swali fupi kuhusu House of the Dragon, tamthilia ya ukoo unaopanda majoka na kugombea kiti cha ufalme: miezi 20 ya kusubiri, episodi nane, halafu msimu unaishia pale pale majeshi yanapoanza kujipanga. Je, tumepotezewa muda? Wengi mmejibu ndiyo. Nimesoma majibu yote tangu juzi, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mtu ambaye kwangu ndiye aliyeubeba msimu huu mgongoni. Nakuja na jibu refu, mnivumilie. Kama hujafika episodi ya mwisho, ishia hapa, maana nitamwaga kila kitu.

Kwanza yale ninayokubaliana nanyi. Msimu wa 2022 ulikuwa na episodi 10, huu wa 2024 wamekata zikabaki 8, kuanzia 16 Juni hadi 4 Agosti, na pengo linaonekana kwa macho. Daemon, mume wa Rhaenyra, malkia anayedai kiti, anaingia ngome ya Harrenhal episodi ya tatu, anakaa humo mpaka ya mwisho akiota ndoto. Matt Smith ni mwigizaji mzuri sana, na ile ndoto ya kwanza alipomkuta Rhaenyra wa utotoni akishona kichwa cha mtoto ilinifanya ninyamaze. Ila ndoto zikirudi kila wiki, zinachosha. Muda ule ungetosha vita nzima.

Na kuna suala la Helaena, mke wa mfalme Aegon wa upande wa pili. Sisi tuliosoma kitabu cha George R. R. Martin cha 2018, Fire & Blood, tulijua kinachokuja usiku ule wauaji wanapoingia ikulu. Kitabuni Helaena ana watoto wa kiume wawili, Jaehaerys na Maelor, na wauaji wanamlazimisha achague yupi afe. Anamtaja mdogo, wao wanamuua mkubwa, na yule mdogo anabaki hai na mama yake kila akimtazama anakumbuka kwamba alimtoa. Kwenye runinga Maelor hayupo kabisa. Wauaji wanachotaka ni kujua kati ya mapacha wake yupi wa kiume, Helaena anawapa mkufu wake, wanaukataa, mwisho ananyoosha kidole, anambeba binti yake na kukimbia. Phia Saban aliigiza vizuri mno, hasa anapofika chumbani kwa mama yake na kusema kwa sauti ya chini kwamba wamemuua mvulana. Lakini ule uchaguzi, ambao ndio sumu yenyewe ya kisa kile, umetolewa. Septemba 2024 Martin mwenyewe aliandika wazi kwamba kumfuta Maelor kutaharibu mambo ya mbele, na andiko lile halikukaa siku nyingi likaondolewa. Mimi niko upande wa mwandishi hapo, moja kwa moja.

Vita ya Rook's Rest sitaisema sana, kila mtu ameisema. Rhaenys, mke wa Corlys Velaryon, alikuwa na nafasi ya kuondoka na akageuza joka lake kurudi. Mnajua wenyewe.

Sasa nije kwa Alyn.

Kwa waliosahau: Alyn wa Hull ni fundi wa meli na baharia wa kisiwa cha Driftmark. Alimtoa baharini Corlys Velaryon, yule wanayemwita Nyoka wa Bahari, alipoanguka vitani akiwa nusu mfu. Tunapokutana naye mara ya kwanza yuko bandarini anatengeneza meli ya huyo huyo Corlys. Bwana mkubwa anakuja, anamshukuru, wanaongea kama bosi na mfanyakazi, na kila mmoja wao anajua kwamba ni baba na mwana. Alyn ananyoa kichwa mara kwa mara ili zile nywele nyeupe za Velaryon zisiote watu wakaziona. Mdogo wake Addam naye ni hivyo hivyo. Mama mmoja, baba mmoja mwenye safari tisa kubwa za baharini, kasri na meli zisizohesabika, na vijana wale wanalala njaa mji ule ule.

Nawaambia kwa nini nililiona hilo kabla ya majoka. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia karibu na ufukwe wanakoshushia samaki. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi lililokuwa linakwenda Pemba na kurudi. Alikuwa na nyumba yake, mke wake na watoto wake, na sisi hatukuwamo. Mama hakuwahi kunificha, aliniambia jina nikiwa mdogo na akaniambia pia nisilitumie. Nilipofika miaka kumi nilianza kumsaidia fundi mmoja wa kukalafati pale ufukweni. Kazi yangu ilikuwa kusokota pamba na kuilowesha mafuta, yeye anaipachika kwenye nafasi za mbao na kugonga kwa nyundo, tak tak tak, halafu chombo kinapakwa sifa, yale mafuta ya samaki. Harufu ya sifa ikishaingia kwenye nguo haitoki, hata sabuni ya mche ikiisha mzima.

Siku moja jahazi tuliloletewa lilikuwa lake. Akaja jioni kuangalia kazi. Nikasimama na ndoo yangu, nikasema, "Shikamoo nahodha." Akaitika marahaba, kama anavyomwitikia mtoto yeyote wa mtaani. Kisha akamgeukia fundi akauliza, "Huyu mtoto wa nani?" Fundi alikuwa anajua, pwani nzima inajua. Hakujibu, akaendelea kugonga. Baba akapitisha kiganja kwenye ubao niliokuwa nimefanyia kazi mimi, akasema kazi nzuri, akaondoka.

Kwa hiyo episodi ya kwanza, pale Corlys anaposimama mbele ya Alyn bandarini akitafuta maneno, mimi sikuhitaji mtu wa kunieleza wale wawili ni nani. Nilijua kwa jinsi kijana alivyoshika kifaa chake cha kazi asikiachie.

Tukitazama kwa jicho hilo, msimu unabadilika kabisa. Mnasema haukuwa na vita, lakini angalieni wanaosogeza kisa. Merikebu za Corlys zimefunga njia ya bahari, chakula hakiingii King's Landing, mji mkuu. Hugh, mfua vyuma, ana mtoto mgonjwa na hapati cha kumlisha, na mtoto anafariki. Rhaenyra anatuma mashua za vyakula, watu wanakanyagana. Na yule Corlys aliyefunga bahari watoto wa wenzake wafe njaa ndiye aliyewaacha wake mwenyewe na njaa kwenye bandari yake. Sijui kama waandishi walikusudia hayo mawili yaonane, ila yanaonana.

Halafu Seasmoke. Hii naomba tuipe uzito wake. Seasmoke lilikuwa joka la Laenor, mtoto wa ndoa wa Corlys na mume wa kwanza wa Rhaenyra, ambaye dunia nzima inaamini amekufa. Rhaenyra anatafuta mpandaji, anamleta Ser Steffon Darklyn, kamanda wa walinzi wake, mtu wa ukoo, mwenye heshima zake zote. Joka linamchoma Steffon mbele ya macho ya Rhaenyra. Kisha lenyewe, bila kutumwa, linaruka kwenda ufukweni kumtafuta Addam, kijana wa bandarini asiye na jina. Addam anakimbia, anadhani anafuatwa aliwe. Kati ya wanadamu wote lilimchagua mdogo wa bwana wake wa zamani. Baba amekaa miaka yote hataki kusema, mnyama akasema. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka, na huyu wa Nyoka wa Bahari amethibitishiwa kwa njia ambayo hakuna mzee wa baraza angeweza kuipinga.

Baada ya hapo Rhaenyra anafungua mlango kwa wote waliozaliwa nje ya ndoa wenye damu ya wapanda majoka, na wengi wanateketea kwa moto wa joka Vermithor kabla Hugh hajalisimamia likamkubali, na Ulf, mlevi wa mjini, anaangukia kwa joka Silverwing. Wengi mliishangilia ile episodi ya saba kwa sababu ya moto. Mimi niliguswa zaidi na Jacaerys, mwana mkubwa wa Rhaenyra, akibishana na mama yake. Yule kijana anajua kwamba si mtoto wa Laenor, nywele zake zinamsema kila akiingia ukumbini. Kitu pekee alichokuwa akishikilia ni kwamba anapanda joka. Leo mfua vyuma na mlevi wa mjini nao wanapanda. Ana haki ya kuumia, na mama yake hana jibu la kumpa. Kuna mjadala juu kidogo kwamba Jacaerys alikuwa anaringa. Hapana mkuu, alikuwa anaogopa. Mtu aliyekulia ndani ya nyumba kubwa akiwa na siri ile anaogopa kuliko sisi tuliokulia nje, maana sisi hatukuwa na cha kupokonywa.

Sasa episodi ya nane. Huku kwetu, Jumapili saa tatu usiku ya Marekani inakuwa Jumatatu saa kumi alfajiri, na mimi niliamka kila wiki. Mama naye huamka saa hizo, anasukuma na kukata maandazi ya kuuza kabla ya sala. Kwa wiki saba alikuwa anatupia jicho tu, ananiuliza huyu ni nani na yule ni nani, mimi namtafsiria kwa sauti ndogo. Corlys alimpa jina lake, alimwita "yule mzee wa vyombo".

Basi Corlys anamfuata Alyn melini, anataka kumsaidia, anataka kumweka karibu. Na Alyn, ambaye msimu mzima amekuwa mtu wa kujibu neno moja, anafunguka. Anamweleza ilivyokuwa kulelewa bila baba, njaa, aibu, mama akihangaika peke yake, huku wanamwona mtoto wa halali akipita na kila kitu. Na sasa kwa vile watoto wa nyumbani hawapo tena, ndipo mkono unanyooshwa. Anamalizia kwamba akiruhusiwa, ataendelea kama alivyoanza, peke yake. Hapazi sauti. Uso unatetemeka kidogo kwenye taya, basi.

Nilikuwa natafsiri sentensi kwa sentensi, nikafika katikati nikashindwa. Kisu cha mama kilikuwa kimesimama juu ya unga. Hakunitazama. Akasema, "Rudisha nyuma, mwanangu." Nikarudisha, nikatafsiri tena mpaka mwisho, maneno yote.

Aliyeigiza Alyn anaitwa Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Miezi miwili kabla ya msimu huu, Aprili 2024, studio yake ilitoa mchezo wa kompyuta unaoitwa Tales of Kenzera: Zau, alioutengeneza kwa kumbukumbu ya baba yake aliyefariki. Ni kijana anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, kumwomba amrudishie baba yake, na unaweza kuucheza ukiwa na sauti za Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimjua kwanza kama sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins ya 2017. Nasema haya kwa sababu kuna mdau ameandika kwamba waigizaji wapya wa msimu huu "wamejazwa tu". Huyu hakujazwa. Mtu aliyempenda baba yake kiasi cha kumtengenezea dunia nzima ya mchezo amesimama mbele ya Steve Toussaint, anayemwigiza Corlys, akaigiza mtoto aliyenyimwa baba, na nimeamini kila neno.

Na Toussaint apewe haki yake. Tazameni tena uso wa Corlys wakati anaambiwa yale. Hajitetei. Angeweza kusema aliogopa kumvunjia heshima mke wake, angeweza kutaja kazi aliyompa. Anayameza yote. Baba yangu alipozeeka alinitumia salamu kwa mtu mwingine, kwamba nikipita nimwone. Sikupita, na kwenye mirathi sikuwa na fungu wala sikulitafuta. Sijawahi kupata maneno ya kueleza kwa nini sikwenda, mpaka asubuhi ile.

Kwa hiyo mkuu uliyeanzisha uzi, jibu langu ni hapana, mimi sikupotezewa muda. Nakubali Harrenhal imerefushwa, nakubali Maelor hakustahili kufutwa, nakubali msimu umekatwa kabla ya vita vya majini ambavyo ndivyo tulivyokuwa tunavisubiri. Ukiurudia, anza episodi ya kwanza bandarini, mfuate Alyn na Addam tu, majoka yaache yapite nyuma, kisha urudi hapa unieleze.

Adhana ilipigwa majina ya mwisho yakiwa bado yanapanda kwenye kioo. Mama akafunika sinia, akaenda kutia udhu. Alipofika mlangoni akauliza, "Yule mzee alimjibu nini?" Nikamwambia hakujibu, na muendelezo tutangoja sana. Akasema ukitoka nimwamshe.

Sasa swali langu kwa waliosoma kitabu: kabla vita vya majini havijaanza, mnadhani Corlys atamwita Alyn kwa jina lake la ukoo mbele ya watu, au atangoja mpaka alazimishwe?