Jibu: Dada wa kazi asiye na mkataba ana haki yoyote?

Pole dada kwa yaliyomkuta mdogo wako. Umeuliza kama dada wa kazi aliyefukuzwa baada ya miaka miwili, bila karatasi yoyote, anaweza kudai kitu. Anaweza, tena wala asisite.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri. Kesi ikifika mbele na mwajiri hana maandishi, kifungu cha 15 kinamtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Kwangu mimi, hapa ndipo sheria ilipomfikiria kweli mnyonge, maana binti aliyetoka kijijini na begi moja angeitoa wapi nakala ya mkataba?

Ila awahi. Malalamiko ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30, na madai mengine, kama mshahara, ndani ya siku 60. Atunze meseji za malipo ya simu na amtafute jirani aliyemwona akifanya kazi pale.

Kinachoniuma ni kwamba haki hizi zinamfikia anayezijua tu. Afisa kazi hukagua kiwanda, lakini jikoni kwa mtu nani anabisha hodi? Serikali za mitaa zingeandikisha ajira hizi, kama mjumbe anavyomjua kila mgeni mtaani. Mdogo wako yuko mkoa gani?