Kipeperushi cha mbunge wa Texas kipimwe kwa kalenda

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni: "Mbunge wa jimbo huko Marekani akitangaza vipaumbele vyake vya kikao kijacho, mpiga kura atajuaje kama ana nia au anajipigia debe?" Nitajibu kwa mfano wa Texas. Kalenda ya Bunge lao inabana kuliko nyingi, na wapo wasomaji wa Kiswahili Houston, Dallas na Fort Worth ambao vipeperushi vyenye vipaumbele hivyo vinawafikia mlangoni.

Mada zilizoandikwa hazitakusaidia. Shule, kodi ya majengo, maji na usalama kila mmoja atazitaja. Hesabu kwanza vipaumbele ni vingapi. Bunge la Texas hukutana siku 140 tu, katika miaka ya witiri. Kikao cha 90 kinaanza Jumanne, 12 Januari 2027 na kufungwa Jumatatu, 31 Mei. Mwaka 2023 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, ikapita kama 1,200. Sehemu kubwa ya iliyobaki haikushindwa kwa kura. Siku ziliisha ikiwa bado kwenye foleni. Mwenye vipaumbele 15 ameandika orodha ya matamanio. Mwenye vitatu huenda amepiga hesabu.

Kisha uliza namba ya muswada. Uwasilishaji wa mapema unafunguliwa Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi mkuu, yaani 9 Novemba 2026. Anayetaka kuwahi siku hiyo lazima awe amepeleka maelezo yake miezi kadhaa kabla kwa Baraza la Kutunga Sheria, ofisi ya wanasheria wanaowaandikia wabunge miswada. Namba za mwanzo kabisa huwekewa akiba vipaumbele vya Spika kwa upande wa Wawakilishi, na vya Naibu Gavana, anayeiongoza Seneti, kwa upande wa Seneti. Mlango unafungwa siku ya 60, ambayo ni 12 Machi 2027. Wiki hiyo ya mwisho miswada humiminika kwa mamia, na kipaumbele kilichoingia katika msongamano huo hakikuwa kipaumbele.

Swali la tatu ni kama kuna muswada pacha. Texas ina Wawakilishi 150 na Maseneta 31, na sheria lazima ipite kote kuwili kwa maneno yaleyale. Mbunge makini hutafuta mapema Seneta wa kuwasilisha maandishi hayohayo upande wa pili, ili kamati mbili zisikilize kwa wakati mmoja. Asiye na pacha anaanza safari ya pili mwezi Mei, wenzake wakiwa tayari wanafunga mizigo.

Katikati ya safari, kwenye kamati, ndipo miswada mingi hufia, na kimyakimya. Mwenyekiti wa kamati halazimiki kuupangia muswada siku ya kusikilizwa. Asipoupangia, umekwisha, na hakuna jina la aliyeukataa. Hata ukisikilizwa, kwa kawaida huachwa kiporo bila kura. Kwa hiyo ukiambiwa "muswada wangu umesikilizwa kamatini", uliza kama umepigiwa kura ukatoka. Ukitoka unakwenda Kamati ya Ratiba, ambayo huamua upi usomwe ukumbini na siku gani. Kanuni zikibaki kama za 2025, miswada ya Wawakilishi lazima itoke kamatini kufikia siku ya 119 (10 Mei) na ipite usomaji wa pili (mjadala na kura kuu ya ukumbini) kabla ya saa sita usiku ya siku ya 122 (13 Mei). Usiku ule utawaona wabunge wakijadili kwa nusu saa muswada usio na mpinzani hata mmoja. Si ujinga. Wanausukuma muda ili muswada wanaouchukia, ulio nyuma kwenye foleni, usifikiwe. Njia nyingine ni hoja ya utaratibu: kosa dogo katika taarifa ya kamati linatosha kuurudisha muswada ulikotoka, na ukirudishwa tarehe 12 Mei hauna pa kwenda.

Seneti ina mtego wake. Mwanzoni mwa kikao huwekwa kileleni mwa orodha muswada usio na maana, ambao haukusudiwi kuguswa. Kwa kuwa wa kwanza haujasomwa, kila unaofuata unahitaji ruhusa ya kuruka foleni, na ruhusa hiyo ni kura za tano-ya-tisa, yaani Maseneta 18 kati ya 31. Wingi wa kawaida wa 16 hautoshi kuufikisha muswada mjadalani.

Kuna njia ya mkato, lakini ufunguo anao Gavana. Katiba ya jimbo imetenga siku 30 za kwanza kwa kuwasilisha, 30 za pili kwa kamati, na zilizobaki kwa kura. Jambo ambalo Gavana amelitangaza kuwa la dharura halingoji. Mwaka 2025 Gavana Greg Abbott alitangaza saba, yakiwemo kodi ya majengo, maji, mishahara ya walimu na dhamana za mahabusu. Kipaumbele cha mbunge wako kikigusa mojawapo ya mambo ya namna hiyo, kina upepo nyuma yake.

Pesa sasa. Muswada wenye gharama huambatanishwa na taarifa ya gharama kutoka Bodi ya Bajeti ya Bunge. Isome kabla ya kusoma hotuba. Na mbunge akijisifu kwamba ameingiza fedha za barabara yenu kwenye bajeti, uliza zimeingia sehemu ipi. Sehemu ya 11 ya bajeti ni ghala la maombi: kilichowekwa humo hakina hata senti mpaka wajumbe wa maridhiano, wanaopatanisha bajeti za mabaraza mawili, wakitoe na kukihamishia pengine. Wengi hupigiwa makofi kwa kuweka ombi humo. Jambo linalohitaji kubadili Katiba, kama sehemu kubwa ya misamaha ya kodi ya nyumba, linadai theluthi mbili kila upande (100 na 21), halafu wananchi wapige kura, kwa kawaida Novemba.

Hatua ya mwisho hutajwa mara chache kwenye vipeperushi. Bunge likiwa linakaa, Gavana ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi, za kusaini au kukataa, na theluthi mbili ya kila baraza inaweza kumpiku. Bunge likishafungwa anapata siku 20, hadi 20 Juni, na akikataa hakuna wa kumpinga: wabunge wako makwao, na anayeweza kuwaita kwa kikao maalumu ni yeye mwenyewe. Mara ya mwisho kura ya turufu ya Gavana wa Texas (yaani kukataa kwake muswada) kutenguliwa ilikuwa 1979. Kwa hiyo muswada unaogombana na Gavana unatakiwa uwe mezani kwake mnamo tarehe 19 Mei au kabla. Muulize mbunge wako amepanga kuufikisha lini.