Mafuta ya Nazi Msimu wa Joto: Jinsi ya Kutengeneza Mafuta Mazito ya Kujipaka Yasiyoyeyuka Ovyo

Mafuta ya nazi huyeyuka yanapofikia nyuzijoto 24 hivi za Selsiasi, na jambo hilo moja ndilo chanzo cha karibu matatizo yote yanayompata mtu anayejitengenezea mafuta mazito ya kujipaka pindi msimu wa joto unapoingia. Kopo lililofungwa asubuhi likiwa limejaa mafuta meupe yaliyoumuka vizuri hufunguliwa alasiri likiwa limepungua, huku mafuta majimaji yakielea juu na uji mzito ukiwa umetuama chini. Nimejitengenezea mafuta haya kwa miaka mingi kwa sababu ngozi yangu ni kavu, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni kama mafuta yaliyoyeyuka hivyo yameharibika. Hayajaharibika. Kuyeyuka na kuganda tena ni tabia ya mafuta ya nazi, na ubora wake kwa ngozi unabaki vilevile. Kilichopotea ni hewa uliyoiingiza wakati wa kuyapiga, na ndiyo maana kopo huonekana kana kwamba mtu amechota.

Hata hivyo, sipendi kuwaambia watu waridhike na mafuta yaliyoyeyuka, kwa kuwa lipo tatizo la pili ambalo huudhi zaidi, nalo ni chembechembe. Siagi ya shea (mafuta mazito ya kokwa za mti wa shea) na siagi ya kakao (mafuta ya mbegu za kakao), ambazo huchanganywa na mafuta ya nazi, zimeundwa kwa mafuta ya aina mbalimbali, na kila aina ina kiwango chake cha kuganda. Mchanganyiko ulioyeyuka mchana unapopoa polepole usiku, zile aina zinazoganda mapema hupata muda wa kujikusanya na kuwa punje ngumu, ilhali sehemu iliyobaki ingali laini. Hali hiyo ikijirudia siku baada ya siku, mafuta yaliyokuwa laini hugeuka kuwa kitu kinachokwaruza kidole kama mchanga. Punje hizo huyeyuka zikisuguliwa kwenye ngozi na hazina madhara yoyote, lakini hakuna anayefurahia kujipaka kitu cha namna hiyo.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni kubadili vipimo kabla joto halijafika. Watu wengi huanza na sehemu sawa za mafuta ya nazi na siagi ya shea, na vipimo hivyo hufaa sana penye ubaridi, lakini chumba kikizidi nyuzijoto 24 nusu nzima ya kopo huwa tayari kuwa maji. Msimu wa joto mimi hupunguza mafuta ya nazi hadi yasizidi sehemu 15 katika kila 100. Kwa gramu 200 za mafuta, natumia gramu 100 za siagi ya shea, gramu 40 za siagi ya kakao, gramu 30 za mafuta ya nazi, gramu 20 za mafuta ya alizeti na gramu 10 za nta ya nyuki. Tumia mizani, kwa sababu kijiko cha siagi iliyoganda na kijiko cha siagi iliyoyeyuka havina uzito sawa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalitarajii. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, hivyo mtu hudhani kwamba akiichanganya na mafuta ya nazi atapata kitu kigumu cha kati na kati. Kumbe mafuta haya mawili hayapatani yanapoganda: mafuta ya nazi yana asidi ya lauriki (mojawapo ya asidi zinazounda mafuta) kwa karibu nusu yake, umbo lake halilingani na lile la mafuta ya kakao, na kila moja huvuruga mpangilio wa mwenzake, hata mchanganyiko ukawa laini kuliko hesabu ilivyoahidi. Watengenezaji wa chokoleti huliepuka jambo hilo kwa uangalifu mkubwa. Ndiyo sababu kuongeza kakao peke yake hakutoshi, na ndiyo sababu naithamini nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 65 na kuyashikilia mafuta mengine hata katika kiasi kidogo. Usiizidishe, maana ikiwa nyingi mafuta hunata na kugoma kusambaa kwenye ngozi.

Katika kuyeyusha, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, anza na nta, fuatisha kakao, kisha mafuta ya nazi na ya alizeti, na shea iingie mwisho ili isikae kwenye moto muda mrefu. Koroga mpaka kila kitu kiwe kimeyeyuka kabisa, kwa sababu punje ndogo iliyobaki huwa mbegu ya chembechembe nyingine. Baada ya hapo poza haraka: weka bakuli kwenye friji, likoroge mara kwa mara, na anza kupiga kwa mashine pale mafuta yanapoanza kupoteza uangavu na kuwa mazito kama uji. Kabla ya kuyapiga, mimi hutoa kijiko kimoja, nikakigandisha kwenye kisosi, kisha nikakiacha saa chache katika chumba chenye joto kuliko vyote nyumbani. Kikitepeta, nayeyusha upya na kuongeza nta kidogo.

Kama tayari unalo kopo lenye chembechembe, liyeyushe lote kwa utaratibu huohuo na ulipoze haraka; kulipiga tena bila kuliyeyusha hakuziondoi punje.

Unaweza kuhifadhi kopo kwenye friji, ila ukilitoa liache likiwa limefungwa mpaka lifikie joto la chumba, kwani ukilifungua likiwa la baridi unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake. Mafuta haya hayana maji, na ukavu huo ndio unaozuia ukungu, kwa hiyo chota kwa kijiko kikavu. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, lakini haiui vijidudu. Harufu kali ya mafuta ya zamani ndiyo dalili ya kutupa kopo, na hiyo haina uhusiano na kama mafuta yameganda au yameyeyuka.

Unapompa mtu mwingine, mpe katika kopo lenye mfuniko wa kusokota unaokaza vizuri, na umwambie asiliache ndani ya gari lililoegeshwa juani, ambamo joto hupita kwa urahisi kiwango cha kuyeyuka cha siagi zote mbili.