Je, inafaa kuwakata watoto wa mbwa wa kazi kidole cha juu?

SWALI:

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mfugaji wa kondoo. Mbwa wangu jike wa kuchungia amezaa watoto sita, leo wana siku tatu. Mfugaji mwenzangu ananihimiza niwakate kwa mkasi ule ukucha wa juu, ulio upande wa ndani wa mguu, kabla hawajafika siku tano. Anasema hauna kazi, utakuja kunasa kwenye miiba, na kwamba katika umri huu hawasikii maumivu. Je, huku si kubadilisha maumbile ya Allah? Uzao uliopita niliwakata wote. Nina dhambi?

JIBU:

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu yangu, mbwa wako si wa kuonewa haya. Mtume (s.a.w.) alipoeleza kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa na thawabu kila siku, aliwatoa katika hukumu hiyo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Uko naye kwa ruhusa ya sheria, na ruhusa hiyo imekuja pamoja na haki zake juu yako.

Kabla ya kukujibu nilikwenda kwa daktari wa mifugo, kwa sababu kutoa fatwa juu ya kiungo usichokijua ni kubahatisha. Alikuwepo mbwa wa kuchungia amejilaza, miguu ya mbele ameinyoosha, nikamkumbuka yule wa watu wa Pangoni (Al-Kahf: 18). Daktari akanishikisha mguu. Mkono wangu ulikuwa mkavu na mbwa alikuwa mkavu, kwa hiyo najisi haikuhama. Chini ya manyoya nikahisi mfupa, kisha kiungo kinachokunjika kama cha kidole gumba changu. Akanieleza kuwa kidole hicho kimeungwa na kano zinazopanda hadi kwenye misuli ya mguu. Mbwa anapokwenda mbio na kugeuka ghafla, mguu hulalia chini mpaka kidole kile kikashika ardhi, usipate kujipinda. Na ndicho anachokandamizia mfupa akiutafuna.

Basi neno "ukucha" ndilo linalotupoteza. Kinachoondoka kwa mkasi ule ni kidole kizima pamoja na kiungo chake. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kumkatakata mnyama viungo, katika hadithi ya Ibn Umar aliyoipokea Bukhari. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Allah ametueleza kiapo cha Shetani kwamba atawaamrisha watu wapasue masikio ya wanyama na wabadilishe maumbile.

Si kila jeraha analotiwa mnyama linaingia humo. Mtume mwenyewe aliwatia alama ngamia wa zaka, na wanachuoni wa madhehebu ya Shafii wameruhusu kuhasi mnyama anayeliwa, akiwa mdogo. Lakini tazama walipoweka mpaka: anayeliwa. Mbwa haliwi, kwa hiyo kwake mlango ni mwembamba zaidi, na anayetaka kuupita ni lazima aje na haja ya kweli.

Hofu ya miiba haitoshi kuwa haja, maana dawa yake ipo. Imam Ahmad amepokea kutoka kwa Sawada bin Rabi' kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza wakamaji wapunguze kucha zao ili wasijeruhi viwele vya mifugo. Ukucha ulioleta madhara ukapunguzwa! Fanya hivyo kwa mbwa wako. Ukucha wa juu haugusi ardhi anapotembea, kwa hiyo hausagiki kama zile nyingine, na ukiachwa hupinda ukarudi kuchoma nyama. Ukague kila baada ya wiki chache, ukate ncha tu, kwa kuwa ndani yake mna mshipa wa damu.

Vidole vya juu vya miguu ya nyuma vina hukumu yake. Mbwa wengi hawana kabisa, na walio navyo, mara nyingi vinaning'inia kwa ngozi tu bila mfupa. Daktari akikuthibitishia kuwa ni hivyo, na kwamba vitachanika malishoni, sioni ubaya kuviondoa, kwa mkono wake na kwa ganzi. Ila wapo mbwa, kama wale walinzi wa kondoo wa aina ya Great Pyrenees, ambao huzaliwa na viwili kila mguu wa nyuma. Hayo ndiyo maumbile yao, usiwakate kwa sababu tu ni vingi. Ama kidole cha mbele kilichovunjika au kilichoota uvimbe, kukiondoa ni matibabu.

Kuhusu kutosikia maumivu, mwenzako amekosea. Mtoto wa siku tatu hajafungua macho, lakini mfinye kidogo uone atakavyolia. Allah amefaradhisha ihsani katika kila kitu, hata tunayemchinja tumeamrishwa tumnolee kisu, kama ilivyo katika hadithi ya Shaddad bin Aws aliyoipokea Muslim. Vipi tunayetaka aishi atusaidie kazi?

Wale uliowakata zamani ulifanya kwa kutojua. Hakuna kafara. Omba maghufira, na kama bado unao, wakague miguu ya mbele wanaporudi malishoni. Ukiona mmoja anachechemea, mpumzishe.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.